Mama Mbuzi na Tembo Wazee

Mimi si mtu wa kulia. Niliweke wazi hilo mapema, kwa sababu mkimaliza kusoma mtakuwa na maoni mengine. Darasani kwetu mimi ndiye ninayewaliza wenzangu kwa kicheko, mpaka mwalimu ananihamishia kiti karibu na meza yake, halafu na yeye anacheka akijifanya anakohoa. Sasa mtu wa namna hiyo amelia kwenye treni, juzi, mchana kweupe, kwa sababu ya kitabu. Na wala si kitabu cha vita au cha mtu kufungwa bila kosa. Jalada lake lina picha ya nyumba ndogo na paka.

Ni riwaya tuliyopewa na mwalimu wa Kiingereza, nakala za zamani zinazonuka kama kabati lisilofunguliwa. Mwanamke mtu mzima anarudi mji mdogo alikozaliwa ili auze nyumba ya baba yake. Mzee amesahau karibu kila kitu. Amesahau kwamba mke wake alikufa, amesahau jiko linavyowashwa. Kitu kimoja tu hajasahau, nacho ni hadithi alizokuwa akimsimulia binti yake alipokuwa mdogo. Basi binti anaanza kumsimulia yeye, na akikosea neno, mzee anamsahihisha. Ndiyo hiyo tu. Hakuna anayepigwa risasi, hata paka hafi. Nilikuwa nimeshapanga kukifanyia maigizo mbele ya darasa, kwa sauti ya kizee mwenye mafua.

Halafu nikafika pale mzee anapoamka asubuhi moja, anamtazama binti yake, na kumwuliza kwa adabu kabisa, kama unavyomwuliza mgeni aliyepotea njia: samahani, wewe ni nani? Treni ilikuwa imeshapita stesheni ya Seven Hills. Nikausoma mstari ule na ghafla nikawa nasikia sauti ya mama yangu ikiuliza swali hilohilo, ila kwa sauti nene, sauti ya tembo. Macho yakajaa kabla sijapata nafasi ya kufikiria mzaha wowote.

Rafiki yangu Baraka, Mrundi mwenye miguu mirefu kuliko busara, alikuwa amekaa mbele yangu anakula chipsi.

"Bro. Unalia?"

"Jasho."

"Jasho la macho?"

"Kula chipsi zako."

"Mjusi analia!" akatangazia behewa zima. "Jamani, Mjusi analia!"

Mjusi ni mimi. Jina hilo ninalo tangu nikiwa na meno ya utotoni, na karibu kila Mwafrika anayesema Kiswahili upande huu wa magharibi ya Sydney analijua. Wengi hawajui lilitoka wapi. Wanaojua, wanajua nusu ya kuchekesha. Nusu nyingine hata mimi sikuijua mpaka siku ile kwenye treni, masikio yakiwa yamenichemka kwa aibu, kitabu nimekiinua mpaka puani ili watu wasinione.

Tulifika hapa nikiwa mdogo, kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako wazazi wangu walikuwa wamekimbilia kutoka Fizi, Kongo. Kambi siikumbuki sana. Nakumbuka moshi, nakumbuka kulala katikati ya baba na mama, na nakumbuka giza likishaingia mama anaanza kusimulia. Hapakuwa na umeme wa kuharibu mambo. Sauti yake ilikuwa inatoka gizani na sikuona mdomo, kwa hiyo wanyama wenyewe ndio walikuwa wanazungumza. Fisi alikuwa na sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Sungura alizungumza haraka kama dalali. Ukimwomba mama asimulie jua likiwaka, alikuwa anakataa katakata. Hadithi ni ya usiku. Anayesimulia mchana anageuka mjusi. Bibi yake alimwambia hivyo, na bibi wa bibi yake alimwambia bibi yake, na Mama Chantal, mama wa Kirundi aliyekuwa jirani yetu kambini na baadaye, kwa maajabu ya makaratasi ya wakimbizi, akawa jirani yetu tena hapa, alisema kwao pia ni hivyohivyo. Wanawake wa nchi mbili wakikubaliana jambo, mtoto unabishana nao vipi?

Shida ni kwamba Sydney ilimnyang'anya mama usiku. Alipata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku, kwa sababu shifti za mchana zilikuwa na wenyewe. Baba alikuwa ghalani kule Wetherill Park, anaondoka kabla hakujapambazuka. Mama alikuwa anarudi mimi nikiwa nakunywa chai, ananibusu utosini, ananuka sabuni ya hospitali na glavu za mpira, kisha analala. Jioni ikiingia anavaa sare anaondoka. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa rahisi na ya kutisha: usiku mama hayupo, mchana hadithi ni marufuku, kwa hiyo hadithi zimeisha. Nilifikiri ndiyo sheria ya Australia. Kama vile ilivyo marufuku kuchinja kuku uani.

Likizo ndefu ya kiangazi ikaja, joto la kukaanga yai kwenye lami. Mama alikuwa ametundika blanketi zito la kijivu kwenye dirisha la chumba chake kwa misumari, ili jua lisimwamshe. Mimi nilitakiwa kukaa kwa Mama Chantal, aliyekaa kwenye nyumba ndogo ya nyuma, uani humohumo. Lakini kwa Mama Chantal kulikuwa na televisheni ya nyimbo za injili tu na mtoto mchanga anayelia kwa sauti isiyofuata wimbo wowote. Siku moja nikatoroka, nikaingia chumbani kwa mama kwa magoti. Nikafunga mlango nyuma yangu. Giza totoro. Nikanyoosha mkono mbele ya uso, sikuuona.

"Mama," nikanong'ona. "Humu ni usiku."

"Mm?"

"Humu ndani. Angalia. Ni usiku kabisa."

Nikafikiri amelala tena. Kisha nikasikia kitanda kikitikisika, na kumbe anacheka, anacheka bila sauti mpaka springi za godoro zinalia.

"Wewe papa, wewe utakuja kuwa wakili," akasema, akiniita papa kama kina mama wa kwetu wanavyowabembeleza wana wao wa kiume. "Panda hapa. Lakini blanketi lisiguswe."

Basi ndivyo tulivyoiibia hadithi sheria yake. Saa ambazo watoto wa Kizungu walikuwa wanaogelea, mimi nilikuwa kwenye usiku wa kutengeneza, jasho linanitiririka mgongoni, kichwa kwenye mkono wa mama. Na hadithi zilikuwa mpya. Fisi na sungura aliwaacha Kigoma. Hizi zilikuwa za Mama Mbuzi, ambaye jua likizama anawafunika wanawe vizuri, anavaa viatu visivyo na kelele, na kwenda kazini kwenye zizi la tembo wazee.

Tembo hao walikuwa wazee mno. Walikuwa wamesahau njia ya mtoni, wengine wamesahau hata majina yao. Mama Mbuzi aliwaosha masikio. Aliwakata kucha, na tembo ana kucha kama sahani. Kulikuwa na tembo mmoja anayeficha biskuti chini ya mto, halafu anamshtaki tembo jirani kwamba amemwibia. Kulikuwa na mwingine aliyekuwa anavaa koti kila usiku na kusimama mlangoni, anataka kwenda nyumbani kukamua ng'ombe, na Mama Mbuzi anamwambia, mzee, ng'ombe wameshakamuliwa, mimi mwenyewe nimewakamua, njoo unywe maziwa. Na kulikuwa na tembo mmoja jike, mweupe kichwani, ambaye kila usiku alimwuliza Mama Mbuzi, samahani, wewe ni nani? Na kila usiku, kabla hajajibiwa, alijijibu mwenyewe: aa, ni wewe, mwanangu, umechelewa. Mama Mbuzi anasema, ndiyo mama, nimechelewa, foleni ilikuwa kubwa.

Nilicheka sana. Mbuzi mwenye mama tembo! Sikujiuliza hata siku moja kwa nini tembo walikunywa chai ya maziwa saa maalumu, au kwa nini walilalamikia kiyoyozi. Nilijua ni hadithi za kale, za bibi wa bibi wa mama, zimetoka Fizi zimefungwa kwenye kitenge. Nilikuwa mtoto mwerevu kwa mambo mengi, lakini hapo nilikuwa mjinga wa daraja la kwanza.

Siku blanketi lilipoanguka ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa amerudi asubuhi bila kunibusu utosini, na nilipopenya chumbani alikuwa macho. "Nisimulie," nikasema, na akaanza, polepole kuliko kawaida. Mama Mbuzi alifika zizini akakuta yule tembo mweupe kichwani hajamwuliza swali lake. Akamsogelea. Akamwita. Hapo upepo mkali wa joto ukasukuma dirisha, msumari mmoja ukachomoka, mwingine ukafuata, na blanketi lote likaporomoka chini. Jua likaingia kama maji ya ndoo.

Nikamwona mama uso kwa uso. Hakuwa amenyamaza. Aliendelea, jua likimwaka usoni, "na Mama Mbuzi akamshika sikio, sikio lilikuwa la baridi," na uso wake haukuwa uso ninaoujua. Ulikuwa umelowa, umekunjamana, macho mekundu madogo, mdomo umevutwa pembeni. Nilipiga kelele nikaruka kitandani. Kwangu mimi hapakuwa na haja ya maelezo. Nilikuwa naona kwa macho yangu mtu anavyoanza kugeuka.

"Nyamaza! Nyamaza, Mama, ni mchana!"

Akanyamaza. Akajipangusa kwa shuka. Baadaye akajaribu kuyafuta yote kwa barafu ya bluu ya kwenye kijiti, ambayo tuliila wote wawili, yeye anauma, mimi nauma, halafu tukatoleana ndimi mbele ya kioo cha bafuni. Ndimi za bluu kabisa. Nikacheka nikasahau. Jioni akavaa sare akaenda.

Asubuhi yake hakurudi. Mwenzake wa asubuhi hakuwa ametokea, akaombwa abaki mpaka mtu apatikane, akampigia baba kumwambia. Kwa hiyo baba alijua. Mimi sikuambiwa, kwa sababu watoto hawaambiwi mambo, wanaambiwa kuvaa soksi. Ilikuwa Jumapili, baba akatangulia kanisani kufunga spika, akamwachia Mama Chantal maagizo ya kuja nami. Nikatoka nje kumsubiri mama. Na pale mlangoni, kando ya kandambili zake, alikuwa amelala mjusi.

Msifikiri ni mijusi wale wa ukutani wa Kigoma, ukipiga makofi wanakimbia. Huyu alikuwa mnene kama mkono wa baba, miguu mifupi ya kuazima, magamba ya kahawia yenye mistari, na hakukimbia. Aliinua kichwa akanitazama. Nikasema, "Mama?" Akafungua mdomo, akatoa ulimi. Ulimi ulikuwa wa bluu.

Mnaoishi hapa mnajua kwamba kuna mijusi wa aina hiyo, wako kwenye kila uwanja wenye majani, na ulimi wao ni wa bluu tangu kuumbwa. Mimi sikujua. Mimi nilijua kitu kimoja: jana mama yangu alisimulia hadithi juani, uso wake ukabadilika, akala barafu ya bluu, na leo hajarudi.

Sikulia hata siku hiyo. Nilikuwa na kazi. Nikachukua kikapu cha nguo chafu, nikatandika kitenge chake cha maua ya njano, nikambeba kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto mchanga. Alikuwa na joto. Nikamletea ugali wa jana, akaukataa. Nikamletea ndizi, akala, na mama alikuwa anapenda ndizi. Nikamwambia asiogope. Nikamwambia nitakuwa mtoto mzuri, nitakaa kwa Mama Chantal, sitamwomba hadithi tena maisha yangu yote. Nilimwambia hivyo huku ananitazama kwa jicho moja, na niliona amenielewa.

Mama Chantal aliponiona na kikapu alifikiri nimebeba nguo za michango. "Mtoto mwema," akasema, tukapanda gari.

Kanisa letu lilikuwa linakodi ukumbi Granville, Wakongo wengi, Warundi, Wakenya wachache wanaofika wimbo wa tatu. Kikafika kipindi cha maombi. Mchungaji akauliza nani ana hitaji. Nikainuka na kikapu changu, nikapita katikati mpaka mbele, na watu wakaanza kusema "aaah," kwa sababu mtoto mdogo anayekwenda mbele peke yake huwa anawayeyusha watu. Mchungaji akanishushia maikrofoni.

"Sema, mtoto wetu."

"Naomba mumwombee mama yangu."

Kina mama wakaguna. Mmoja akatoa leso.

"Mama anaumwa?"

"Sijui kama inauma."

"Yuko hospitali?"

"Hapana. Yuko hapa."

Nikavuta kitenge.

Sauti iliyotoka kwenye kwaya siku hiyo haijawahi kutoka tena kwenye wimbo wowote. Soprano wote walikuwa juu ya viti. Mpiga ngoma alitoka kwa dirisha, na dirisha lilikuwa la juu. Mama Chantal alikuwa anapiga kelele kwamba yeye hahusiki, alifikiri ni nguo. Mama yangu, kwa maana ya mjusi, akashuka kikapuni bila haraka, akatembea kwenye njia ya katikati, kitenge cha njano kimemning'inia mkiani kama shela la bibi harusi. Na hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia mama yangu, kwa maana ya mama yangu, na sare yake ya kazi, macho mazito ya usingizi, anauliza kuna nini.

Nikamtazama yeye. Nikamtazama mjusi. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni.

"Sasa huyu ni nani?"

Ukumbi ukaanguka. Watu wazima walilala chini wakicheka. Mchungaji alishika mimbari kama mlevi. Baba alijifunika uso kwa kebo ya spika. Nilisimama pale mbele, nikaona midomo yote imefunguka kwa ajili yangu, na nikasikia joto likipanda kutoka miguuni, likapita tumboni, likaingia masikioni. Wanaosema aibu ni kitu cha moyoni hawajawahi kuipata. Aibu iko kwenye masikio.

Mama akapita katikati ya vicheko akaninyanyua. Na mimi, kwa kujitetea, nikasema yale ambayo afadhali nisingeyasema, kwa sababu hakuna aliyekuwa amezima maikrofoni: "Ulisimulia mchana! Unalala na mimi mchana unanisimulia, na niliona uso wako!"

Walicheka tena, lakini safari hii si wote. Nilikuwa begani kwake, nikaona upande wa kina mama. Walikuwa wanaangaliana.

"Mchana analala?"

"Na mtoto anabaki na nani?"

"Na mijusi, si umeona."

"Ee, serikali ya huku ikisikia, mtoto anachukuliwa."

Mikono ya mama ikanikaza mpaka mbavu zikauma. Tuliondoka kabla ya sadaka.

Hadithi ziliisha siku hiyo. Baada ya muda mfupi mama aliacha shifti ya usiku, akaomba kazi ya kufua mashuka chini kwenye nyumba ileile ya wazee, mchana, kwenye mashine za mvuke, kazi ambayo watu wanaikimbia. Nikampata mama usiku, usiku halali, wa Mungu, na giza la kutosha. Akija kunifunika alizima taa, akasimama kidogo, kisha akaondoka. Nilikuwa nasubiri aanze. Nilifikiri ananiadhibu kwa kumwaibisha mbele ya watu, na nikaona ni haki yake. Kwa hiyo sikuomba. Yeye naye alikuwa na yake aliyoyafikiri, lakini hakuyasema. Shuleni nikawa najibu kila kitu kwa Kiingereza, na nyumbani nikaanza kumjibu kwa Kiingereza pia. Jina la Mjusi lilipofika uwanja wa mpira nikagundua jambo: ukijicheka wewe kwanza, masikio hayachemki sana. Hiyo ndiyo shule niliyosomea uchekeshaji. Nimeigiza tukio la kanisani mara nyingi, na sauti zote, na soprano kwenye viti. Mama akiwepo huwa anatabasamu akiangalia mikono yake.

Mpaka siku ya treni. Kwa mara ya kwanza nikamsikia tembo mweupe kichwani akiuliza swali lake, nikajua hakuwa tembo. Hapakuwa na tembo hata mmoja. Mama yangu alikuwa anarudi kutoka kazini na usiku wake wote kichwani, hana wa kumwambia kwa lugha yake, na mimi nikawa namlazimisha anisimulie.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta jikoni anaosha vyombo. Nina miaka ya kunyoa ndevu, ingawa ndevu zenyewe bado hazijathibitisha. Nilizunguka meza, nikafungua friji, nikaifunga. Hakuna kitu kigumu kwa kijana kama kumwambia mama yake maneno laini. Kuandika Kiswahili naweza, mdomo ndio ukifika mbele yake unageuka Kiingereza wenyewe. Nikaulazimisha.

"Mama. Nina kazi ya shule. Natakiwa kumsomea mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote. Wewe."

"Kwa Kiingereza chenu hicho cha puani?"

"Nitakutafsiria."

"Mwalimu amesema hivyo?"

"Ndiyo," nikadanganya.

Akanitazama, akatazama dirishani kulikojaa jua, akanitazama tena. "Ya kitabuni haina shida," akasema. "Soma."

Nikasoma. Nilitafsiri vibaya sana. Nilisema mzee amepoteza kichwa, akauliza kimekatwa na nani. Nilisema paka anamkaa mzee, akasema huyo paka ni mchawi. Lakini aliendelea kusikiliza, mgongo kwangu, sahani zinaingia majini zinatoka. Nikafika pale. Mzee anaamka asubuhi. Anamtazama binti yake.

"Anamwuliza..." nikasema. "Anamwuliza, samahani, wewe ni nani."

Sahani zikasimama.

Bomba lilikuwa linadondosha tone tone. Nilitamani nitupe mzaha, wowote, hata wa kijinga, na sikuwa nao.

"Alikuwa mwalimu," mama akasema, akiiambia sinki. "Alifundisha watoto wadogo. Mwanawe alikuwa mbali, hakuwa anakuja. Alikuwa ananiita jina la huyo mwanawe, nami naitika. Wenzangu walinisema, usiitike, mrekebishe. Nitamrekebisha nini mtu wa watu?"

"Siku ile blanketi lilianguka," nikasema.

"Usiku wa kuamkia siku hiyo ndio alikufa. Nilimwosha mwenyewe. Nikamchana nywele. Nikapanda treni nikaja nyumbani, nikalala nikitazama giza, ukaingia kwa magoti ukaniambia, mama nisimulie." Akageuza kikombe mkononi. "Sikuwa na nyingine, papa. Nilitafuta sungura, nilitafuta fisi, hawakuja. Nikakupa hiyo. Halafu nikaona nimekutisha mpaka umepoteza akili, watu wananicheka, wanasema nitanyang'anywa mtoto. Nikasema basi. Huyu ana hofu na mimi. Tena akawa mkubwa, akawa ananionea aibu, hata lugha yangu haitaki."

"Sikuwa nakuonea aibu wewe."

"Sasa nani?"

"Mimi mwenyewe. Nilifikiri umenikasirikia."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo."

Nikainamisha kichwa kwenye kitabu. Herufi zilikuwa zote mahali pake lakini ziliogelea, na sikuweza kushika hata moja. Masikio yalikuwa moto vilevile kama mbele ya kanisa zima, ingawa hapa hapakuwa na mtu wa kunicheka. Mama alikuwa anaweza kugeuka akaniona. Hakugeuka. Alichukua kikombe alichokwisha kukiosha, kisafi kabisa, akafungua maji mpaka mwisho yapige kelele, akakiosha tena, na tena, bila haraka, mpaka nikamaliza kujipangusa kwa mkono wa shati.

Kisha akafunga bomba.

"Haya," akasema, bado mgongo kwangu. "Na yule binti alimjibu nini?"